Mashine Yangu Iliuliza Mara Mbili

Alhamisi, mwezi wa saba. Baridi ya Dowa haina adabu, imeingia mpaka kwenye meno. Upepo umeshinda ukitikisa mabati tangu asubuhi, na mimi nimekaa kitandani na vitenge viwili mabegani, naandika haraka kabla mwanga wa dirishani haujaisha.

Leo usitegemee mpangilio, shajara. Nimechanganyikiwa. Nimebadilisha jibu mbele ya meza ya mtu, kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu nizaliwe, na mpaka sasa sijui kama nimejenga au nimebomoa.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Nilitoka Bukavu nikiwa na miaka tisa, sasa nina thelathini na mmoja, hesabu mwenyewe. Darasa langu lina watu kumi na wawili, Wakongo na Warundi, wengi wao wazee kunizidi. Tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa kila Jumanne na Ijumaa baada ya saa nane, soko likishapoa. Wanafika wamechoka, wengine wanasinzia, lakini wanafika.

Mwaka huu kiherehere changu kikanituma nitengeneze mashine ya kuwasaidia. Chatboti, kwa jina lake la mjini. Nilisoma kozi fupi kwenye mtandao, nikachukua akili mnemba iliyokwisha kutengenezwa na wakubwa huko, nikailisha masomo yangu mwenyewe. Madaftari matatu niliyachapa ukurasa kwa ukurasa kwa vidole viwili. Mifano yote ilikuwa ya kwetu: foleni ya bomba, kliniki, harusi ya kanisani, fundi baiskeli. Sikutaka watu wangu wajifunze Kiingereza cha wanaokwenda kuteleza kwenye theluji.

Kisha nikaiandikia masharti. Hayo nilijivunia kuliko yote. Usimpe mwanafunzi jibu, muulize. Akijibu, muulize kama ana uhakika. Mwambie aeleze tena kwa njia nyingine. Ukiona maneno yake ya leo hayalingani na ya jana, mwonyeshe kwa upole, umuulize lipi ni sahihi.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi sekondari na madamu mmoja Mmalawi ambaye hakuwahi kutupa jibu hata siku moja. Tulimchukia muhula wa kwanza. Muhula wa tatu nilikuwa najiuliza maswali yake njiani, nikiwa na ndoo kichwani. Nilitaka watu wangu nao waipate raha hiyo ya kubanwa na swali mpaka kitu kifunguke.

Kamati moja ya watu wema wa Lilongwe ikatukopesha tableti sita. Sharti lao lilikuwa moja: baada ya miezi mitatu niwapelekee mazungumzo ya wanafunzi na mashine, wayasome wenyewe, waone kama kitu hiki kinafundisha au kinachezewa tu. Nikasema sawa.

Darasani nikasema: andikeni bila woga, hii ni kati yenu na mashine.

Nimeyaandika hayo mawili moja chini ya lingine, na sasa yananitazama. Naapa sikukusudia kudanganya. Nilikuwa na neno la Lilongwe na neno la darasani, na sikuwahi kuyakutanisha. Mtu anaweza kuwa mwongo bila kushtuka, kumbe.

Dalili zilikuwepo. Juma la pili tu walishaipa mashine jina. Wakaiita Ofisa. "Leo Ofisa iko na moto?" wakimaanisha kama tableti zimechajiwa. Mimi nikacheka nao, nikaona ni heshima, hata nikamwandikia rafiki yangu wa Likuni kwamba wanafunzi wameipandisha cheo. Mjinga mimi.

Jumapili moja, wiki mbili zilizopita, baada ya ibada nilifungua rekodi nianze kuzipanga kwa ajili ya kamati. Nikaanza na Papa Ildephonse, mzee wa Kirundi anayeuza maharage, mtu mpole sana. Alikuwa ameulizwa kuhusu mama wa kwenye hadithi aliyekwenda kliniki, kwamba alikwenda kwa nini. Akajibu vizuri, ila kuna neno moja aliliruka. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akaandika sentensi ileile, na neno lilelile kaliruka. Ikamwambia aeleze kwa njia nyingine. Akaandika ileile. Mara tano. Mwisho akaacha Kiingereza, akaandika kwa Kiswahili: "Hayo njo nilisema tangu mwanzo, na siongezi kintu."

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikafungua wa pili. Vilevile. Wa tatu, wa nne. Wote kumi na wawili, hata waliokuwa wamepatia. Ukiwauliza tena, wanarudisha jibu walilotoa, herufi kwa herufi, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Nikasema basi mashine imekwama, inawalazimisha. Nikaipekua siku mbili nzima. Nikabadilisha masharti, nikaijaribu mwenyewe kwa majina ya uongo. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inauliza kwa njia kumi, na watu wangu wanajibu kwa moja.

Sikuelewa. Naandika hapa wazi: mimi, mtoto wa kambi, nilikaa na rekodi zile siku mbili na sikuelewa.

Aliyenielewesha ni Mama Aganze, na hakunielewesha kwa maneno. Aliacha kuja.

Jina si lake, wala la mtoto si hilo, na hata idadi za siku nitakazozitaja hapa nimezibadilisha. Ni fundi wa nguo, mjane, Mbukavu kama mimi, ana watoto wawili. Ndiye mwanafunzi wangu bora. Anashika neno jipya jioni, na kesho yake unamsikia akimtania nalo mteja. Alipokosa Jumanne nikasema mafua. Alipokosa Ijumaa akatuma ujumbe kwamba ana yunifomu nyingi za kushona. Alipokosa na wiki iliyofuata nikafungua rekodi zake.

Zoezi lake la mwisho lilikuwa insha juu ya safari. Sasa lazima nieleze sheria ya darasa langu, maana ndiyo iliyoniponza. Huwa nawaambia: kwenye insha unaruhusiwa kudanganya, mradi Kiingereza kiwe kizuri. Wanaipenda sana sheria hiyo. Ukweli ni kwamba anayejifunza lugha haandiki kilichotokea, anaandika anachoweza kukisema. Papa Ildephonse ana ng'ombe wanne kwenye daftari, na uwanjani kwake hana hata kuku.

Mama Aganze aliandika safari ya kutoka nyumbani. Mara ya kwanza safari yake ilichukua siku nne. Mashine ikamsifu, ikamwomba aongeze. Naye akaongeza kweli: mvua, mtumbwi, bibi mmoja aliyewapa ndizi, na kwa kuwa mambo yalikuwa mengi, siku zikawa sita. Ilikuwa insha nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Chini yake mashine ikaandika, kwa upole wote niliouomba: "Mwanzo uliandika kwamba safari ilichukua siku nne. Sasa unaandika sita. Lipi ni sahihi? Una uhakika?"

Hapo ndipo mazungumzo yanaishia. Rekodi zinaonyesha kwamba aliufungua ukurasa ule kwenye simu yake mara saba katika siku zilizofuata. Hakuandika neno.

Jana alasiri nikaenda kwake. Anashonea kibarazani, cherehani ameielekeza mtaani ili asikose mtu. Alinipokea vizuri, "karibia Mwalimu, ikala," akanisogezea kigoda, lakini mguu wake haukutoka kwenye kanyagio. Nikamuuliza kosa langu, tumegombania nini.

"Mi sina palabre na we," akasema. "Ni ile Ofisa yako. Iliniuliza mara mbili."

Nikamwambia hiyo ni kazi yake, anauliza ili mtu afikiri.

"Muntu akikuuliza kintu mara moja, anataka kujua. Akikuuliza mara ya pili, anataka kukukamata. We haujue hii?"

Nilijua. Ndiyo aibu yenyewe, nilijua. Kila mtu hapa anajua. Utaulizwa na ofisa wa wakimbizi ulitoka siku gani, mlikuwa wangapi, nani alibaki. Baada ya mwaka mwingine unaitwa tena, meza nyingine, mtu mwingine, maswali yaleyale, na majibu ya zamani yako mbele yake. Ukisema nne pale uliposema tatu, hakuna atakayefikiri umesahau. Kwa hiyo mtu anajifunza jibu lake kama sala. Halibadiliki, liwe baya, liwe na neno lililorukwa.

Lakini badala ya kukubali, mdomo wangu ukakimbilia utetezi. Nikamwambia ile ni mashine tu, haina faili.

"Haina faili?" Akakata uzi kwa meno. "Basi ilijua wapi kama mara ya kwanza niliandika siku ine?"

Akaanza mshono mwingine.

"Na bile byote tunaandikaka, binaenda wapi?"

Nikasema vinakwenda Lilongwe. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa kamati. Akauliza kamati itamwonyesha nani. Nikasema sijui.

Na kweli sijui. Njiani nilikuwa nimejiandalia methali, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nilitaka kumwambia kwa kumcheka kidogo kwamba huo ni unyasi tu. Nikaiacha. Mimi ndiye niliyeitengenezea mashine faili. Mimi ndiye niliyeifundisha kulinganisha maneno ya leo na ya jana. Nikawaambia hakuna atakayesoma.

Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Alisema tu kwamba Jumatano ijayo ameitwa Lilongwe, yeye na watoto, intavyu ya kwenda kuishi nchi nyingine. "Tunangojea hii intavyu tangu Aganze iko mu mugongo. Kama kuko karatasi fasi fulani inasema siku sita, na faili yangu inasema ingine, nitabaeleza nini, Mwalimu? Nitasema ilikuwa composition?"

Faili yake inasema siku ngapi, hakuniambia.

Nilirudi nyumbani na fumbo jingine, langu mwenyewe, ambalo sijawahi kuliandika hapa. Tulipofika Malawi mama yetu alitufundisha majibu. Alitupanga watatu kwenye mkeka, anauliza, tunajibu. Mlango wa nyumba yenu ulikuwa rangi gani? Wa bluu. Jirani aliitwa nani? Hakutufundisha uongo, naamini hivyo, alitufundisha tusipishane. Leo nikifumba macho nauona mlango wa bluu wa nyumba yetu ya Bukavu, naona mpaka kutu kwenye bawaba. Ila sijui kama naikumbuka nyumba au naukumbuka mkeka. Mama amefariki, wa kumuuliza hayupo. Na hata angekuwepo, angenijibu bluu.

Leo asubuhi, basi, siku ya kupeleka rekodi Lilongwe. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini mfukoni, flashi yenye rekodi zote ndani ya soksi, maana mkoba wangu zipu imekufa. Nilikuwa sijaamua kitu. Nilijiambia nitaona mbele ya safari, na huo ndio uamuzi wa watu waoga.

Kamati hukutana kwenye nyumba ya kupanga Area 36, nyuma ya soko. Kabaza alinishusha mlangoni na baiskeli yake inayolia kama mbuzi. Aliyenipokea ni Bwana Mbewe, mwalimu mkuu mstaafu, sweta ya kijani, miwani imefungwa uzi. Mtu mzuri. Nataka lijulikane hilo: mbele yangu alikaa mtu mzuri. Salamu za muli bwanji, chai ya maziwa, mandasi za moto kwenye sahani, na baridi nje.

Akaomba kuijaribu mashine mwenyewe. Akachagua hadithi ya kliniki. Mashine ikamuuliza, akajibu. Ikamuuliza kama ana uhakika. Akajikuna kidevu, akasema ah, hapana, subiri, akafuta, akaandika kingine. Ikamuuliza tena, akabadilisha tena, akapiga goti lake kwa furaha. Akasema hivi ndivyo wanafunzi wanavyotakiwa kubanwa.

Nilimwonea wivu, nasema kweli. Kumbe kuna watu ambao kuulizwa mara mbili kwao ni mchezo. Mtu hajawahi kuulizwa kwao ni wapi na asiaminiwe. Nikajiuliza ni wangapi kati yetu wanaoweza kufundishwa namna ile, na kama mimi mwenyewe nilifundishwa kweli na madamu wangu au nilikuwa tu nimemwamini yeye.

Kisha akatoa fomu. Maswali ya kawaida, anasoma, najibu, anaandika. Akafika pale: je, wanafunzi wamekubali mazungumzo yao yasomwe na watu wengine?

Nikasema, "Ndiyo, niliwaeleza wote na wakakubali."

Sikufikiri. Ilitoka yenyewe.

Bwana Mbewe akainua macho. Hakuwa na shaka, nadhani, ni desturi yake tu ya ualimu. "Una uhakika?"

"Ndiyo, niliwaeleza wote na wakakubali."

Nikajisikia. Neno kwa neno. Hata pumzi niliivutia palepale. Nilikuwa nimekaa wima, mikono juu ya magoti, macho kwenye kalamu yake, kama nilivyokaa nikiwa na miaka tisa. Nikamwona Papa Ildephonse na sentensi zake tano. Nikaelewa, safari hii kwa mwili wote, kwa nini hakuongeza kitu. Uongo wangu niliujua vizuri, na ukweli niliujua. Lakini kubadilisha jibu kulinitisha kuliko kudanganya.

Kalamu ikashuka kuandika.

Nikasema hapana. Nikasema sikuwaeleza. Niliwaambia hakuna atakayesoma.

Usinipigie makofi. Nilichokisema nilikisema kwa sauti ndogo mpaka akaniomba nirudie. Kisha nikangoja. Nilikuwa nangoja nini? Nadhani nilingoja mlango ufunguliwe na mtu aingie. Bwana Mbewe alikata mstari mmoja juu ya alichokuwa ameanza kuandika, akaandika kingine juu yake, akanigeuzia fomu nitie sahihi pembeni pa masahihisho. Basi. Alifanya hivyo kama mtu anayefuta ubao.

Kisha akasema yaliyobaki. Flashi hawezi kuipokea bila ridhaa ya wenye maneno. Kamati inakaa mwisho wa mwezi, na bila rekodi hajui atawaambia nini wenzake kuhusu tableti. Huenda zikaombwa shule nyingine. Alisema hayo kwa huzuni ya kweli. Aliponisindikiza alinifungia mandasi mbili kwenye karatasi, na nikashindwa kumchukia ingawa nilikuwa natafuta wa kumchukia.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Kama ningenyamaza, tableti zingebaki, watu kumi na wawili wangeendelea kusoma, na nani angewahi kutafuta insha ya fundi nguo kwenye flashi ya kamati? Pengine hakuna mtu. Hofu ya Mama Aganze huenda haina msingi wowote. Lakini "huenda" ni neno langu mimi, na anayekwenda Lilongwe Jumatano na watoto wawili ni yeye.

Niliposhuka nilikwenda kwake moja kwa moja. Cherehani ilikuwa ikienda. Nikamweleza yote, pamoja na lile la kwanza nililosema kwenye fomu.

"Ulibadilisha jibu?"

Nikasema ndiyo.

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

"Na akakuacha utoke?"

"Akanipa na mandasi."

Mguu ukatoka kwenye kanyagio. Aliniangalia kama anayepima kitambaa asichokiamini, kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani tu, akaomba aione hiyo mandasi. Tukagawana moja kila mtu. Zilikuwa zimepoa na kukauka.

Nikafungua simu yangu nikamwonyesha mazungumzo yake, nikamwambia afute mwenyewe, kidole chake. Hakufuta. Alianza kusoma, polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwa bibi wa ndizi akarudia mstari huo mara mbili.

"English yangu ilikuwa muzuri hapa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni bora kuliko zote.

"Futa maswali yake. Composition uniachie."

Kwenye mashine hayo mawili hayatengani. Ukifuta moja yote yanakwenda. Kwa hiyo nilichukua daftari lake, nikaketi kwenye kigoda na kuinakili insha nzima kwa mkono, mvua, mtumbwi, bibi, siku sita na yote. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Yeye aliendelea kushona kola za yunifomu, mara kwa mara akichungulia kama naandika ilivyo. Nilipomaliza akabonyeza kufuta. Akanirudishia simu na kuniambia niitafute tena, nione kama imekwenda. Nikatafuta. Imekwenda. Akaniambia nitafute tena, na safari hii nilielewa, nikatafuta tena.

Kesho Ijumaa nitasimama mbele ya darasa na kuwaambia nilichofanya. Nitampa kila mtu maneno yake, anayetaka kufuta afute, na flashi nitaifuta mbele yao. Sijui watabaki wangapi. Sijui tableti zitabaki. Na mashine yenyewe sijui niifanyeje. Nikiondoa lile swali, "una uhakika," itabaki kuwa mashine ya kugawa majibu, na majibu watu wangu wanayo tele, hawana shida ya majibu. Nikiliacha, ni Ofisa. Je, unamfundishaje mtu bila kumuuliza mara ya pili? Nimeandika swali hili kwenye karatasi tangu saa kumi, na chini yake kuna weupe tu.

Pengine natakiwa nianze mimi. Wakae wao kwenye meza, waniulize mimi, niwabadilishie majibu mbele yao mpaka wazoee kuona mtu anajisahihisha na hakamatwi. Pengine huo ni ujinga mwingine wa kiherehere changu. Nitajua saa nane.

Nilipoinuka kuondoka kwa Mama Aganze, alikuwa ameinamisha kichwa akiingiza uzi kwenye sindano.

"Hautaniuliza zilikuwa siku ngapi kwa kweli?"

Nikasema hapana.

Uzi ukaingia. Akauvuta, akaupeleka nyuma, akashusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa. Kisha akaniambia.

Sikumuuliza tena. Na idadi hiyo siiandiki popote.